Mvua ya Mawe Haipigi Hodi: Somo la Kumtegemea Mungu Mambo Yanapotushinda

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne



Katika jarida la mwaka huu nimepewa ukurasa wa somo la Biblia. Ningeweza kuandika juu ya nidhamu au madawa ya kulevya, mada ambazo tumezizoea. Lakini kuna swali moja ambalo nimelisikia bwenini usiku taa zikishazimwa, nikalisikia tena katika kikao cha Muungano wa Wakristo, nami mwenyewe nimelibeba kifuani kwa muda mrefu. Swali ni hili: mtu afanye nini mambo yakimshinda kabisa, na si yeye aliyeyaharibu?

Hebu tuliangalie pamoja, hatua kwa hatua, kama tunavyofundishwa kuchambua ufahamu.

1. TUNAISHI MAHALI PA KUFUNDISHWA SOMO HILI

Sisi wa Kericho na Bomet hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Tuanze na mvua ya mawe. Nchi yetu hii ya chai, pamoja na ya majirani wetu wa Nandi, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Katika miaka ya 1960 wataalamu walirusha roketi za baruti mawinguni hapa Kericho, na baadaye ndege zikatumiwa kunyunyizia mawingu kemikali ili mawe yasiumbike. Hata hivyo mawe bado yanaanguka. Asubuhi shamba ni la kijani kibichi, jioni majani yamepasuka kama matambara, na mwenye shamba hatachuma chochote kwa wiki kadhaa. Mvua hiyo haikupiga hodi wala haikuuliza ni nani aliyepanga kulipa karo kwa majani yale.

Mfano wa pili ni bei. Mkulima akishapeleka majani kwenye kituo cha kununulia, karani akayapima, safari ya majani yale haijaisha. Kiwanda huyasindika, kisha chai nyingi huuzwa katika mnada wa Mombasa, tena kwa dola. Wanunuzi wakubwa wako Pakistan, Misri na Uingereza. Mnamo Juni 2022, waziri mmoja wa Pakistan, Ahsan Iqbal, aliwaomba wananchi wake wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku, kwa kuwa nchi ilikuwa inakopa pesa ili kuagiza chai kutoka nje. Fikiria basi! Mtu anapunguza kikombe huko Asia, na mama wa Kapkatet anangoja bonasi bila kujua kwa nini imepungua. Amepalilia, ametia mbolea, ameamka alfajiri. Lakini kikombe cha Pakistan hakimo mkononi mwake.

Mfano wa tatu ni mahindi. Septemba 2011, ugonjwa usiojulikana nchini uligunduliwa Longisa, katika Bomet. Majani ya mahindi yalianza kuwa manjano, yakakauka kutoka pembeni, na magunzi yakatoka bila punje. Wataalamu walipochunguza walikuta ni virusi viwili vinavyoshambulia mmea mmoja kwa wakati mmoja, vikienezwa na wadudu wadogo sana. Dawa ya kuuponya mmea hakuna. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita kogo, huniambia kwamba msimu ule alisimama shambani akadhani ni jua limezidi. Kumbe ni ugonjwa. Gunia hata moja hakupata.

Mfano wa nne ni wangu mwenyewe, nami nitausema kwa ufupi. Mama yangu alikuwa mchumaji katika shamba moja kubwa la chai. Nimezaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Zilipoletwa mashine za kuchuma, kazi ya watu wengi ikawa kazi ya wachache, naye mama akawa miongoni mwa walioambiwa asante. Nyumba ya shamba huendana na kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Tulihamia kwa kogo, upande wa Bomet, na vitu vyetu vyote vikaingia katika pikapu moja. Tangu hapo karo yangu hulipwa kidogo kidogo, na kila muhula unapofunguliwa huwa sina hakika kama nitafika siku ya kwanza au wiki ya tatu. Mtihani wa taifa ni mwaka huu.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Humu shuleni wenye hadithi kama hii ni wengi, na wengine yao ni nzito kuliko yangu. Naandika ili msomaji ajue kwamba somo hili halikutungwa na mtu aliyeshiba.

2. MAJIBU MATATU YASIYOFAA

Mambo yanapotushinda, majibu matatu hutujia haraka.

La kwanza ni kukata tamaa: "Hii ni bahati yangu tu. Nisome nikienda wapi?" Mtu huacha hata yale machache aliyokuwa akiyaweza. Ajizi, kama mjuavyo, ni nyumba ya njaa.

La pili ni hasira. Mwezi wa Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho, na katika vurugu zile watu waliumia, hata maisha yakapotea. Mimi ni mtoto wa mchumaji. Uchungu ule naufahamu na siwezi kuucheka. Lakini nauliza, moto ulipozimika, ni mama gani aliyerudishiwa kikapu chake? Kudai haki ni jambo jema, na ziko njia za kuidai kwa pamoja: chama cha wafanyakazi, mahakama, mkutano na viongozi. Kuchoma ni jambo lingine.

La tatu, nalo ndilo hatari zaidi kwa sisi Wakristo, ni kutafuta mwenye dhambi. Eti fulani amepatwa kwa sababu imani yake ni haba, au nyumba yao ina laana. Wasomaji, tuwe waangalifu! Mnamo Juni 30, 2023, pale njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawagonga wachuuzi, abiria na wapita njia. Watu wapatao 50 walifariki. Je, walikuwa wenye dhambi kuliko sisi tuliobaki? Swali la namna hiyo aliletewa Yesu mwenyewe. Katika Luka 13 anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu 18, na anakataa katakata kwamba wale walikuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Badala yake anawageukia wasikilizaji na kuwaambia wajiangalie wao wenyewe. Basi tusimwongezee mwenzetu mzigo wa pili juu ya ule alionao.

3. BIBLIA INATUFUNDISHA NINI?

(a) Nehemia: sala na zamu

Watu wa Yerusalemu walipokuwa wakijenga ukuta, maadui walipanga kuwashambulia. Ukisoma Nehemia 4:9 utaona walifanya mambo mawili kwa pamoja. Walimwomba Mungu, kisha wakaweka walinzi mchana na usiku. Hawakusali tu wakalala, wala hawakulinda tu wakasahau kusali.

Hapa nataka kusahihisha jambo moja. Wengi wetu hudhani kwamba ule msemo wa "jisaidie na Mungu atakusaidia" umo katika Biblia. La hasha! Haumo. Nao unaweza kumwumiza mtu, kwa sababu kuna siku ambapo mtu hawezi kujisaidia hata kidogo, naye Mungu bado ni wake. Nehemia anafundisha jambo tofauti: sehemu yako ifanye, na ile iliyobaki isiachwe hewani, ikabidhiwe.

(b) Yusufu: kazi iliyo mbele yako

Yusufu alikuwa na umri wa miaka 17 tunapokutana naye mwanzoni (Mwanzo 37:2), yaani rika letu kabisa. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30 (Mwanzo 41:46). Hesabu wewe mwenyewe: miaka 13 ya kuuzwa, utumwa, kusingiziwa na gereza. Hata yule mnyweshaji aliyemsaidia gerezani alimsahau, ikapita miaka miwili mizima. Kwa nini nayataja haya? Kwa sababu sisi hupenda kumhubiri Yusufu wa ikulu, tukamruka Yusufu wa jela. Huyu wa jela hakuwa na uwezo juu ya mlango, lakini alikuwa na uwezo juu ya kazi aliyopewa ndani ya mlango. Aliwatunza wafungwa wenzake na hata asubuhi moja akawauliza wawili kwa nini nyuso zao zimekunjamana. Mtu aliye katika shida yake mwenyewe akiuliza shida ya mwenzake, huyo hajashindwa.

(c) Yeremia: panda bustani

Wayahudi walipopelekwa uhamishoni Babeli, nabii mmoja aitwaye Hanania alitangaza habari tamu: miaka miwili tu na mambo yote yatarudi (Yeremia 28). Yalikuwa maneno matupu. Yeremia aliwaandikia barua ya ukweli (Yeremia 29). Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuolewa, na wauombee heri mji ule waliohamishiwa, kwa kuwa muda utakuwa miaka 70. Tumaini alilowapa lilikuwa la kweli, lakini halikuwa la haraka.

Hata leo akina Hanania wapo. Hutuambia tutoe sadaka fulani na kufikia Ijumaa karo itakuwa imelipwa. Mimi nimejifunza kumshuku mhubiri anayemwekea Mungu tarehe.

(d) Habakuki: furaha isiyongoja mavuno

Nabii huyu, mwishoni mwa kitabu chake kidogo (3:17-18), anayataja mazao ya kwao moja baada ya jingine: mitini, mizabibu, mizeituni, mashamba, kisha kondoo na ng'ombe. Anasema hata kama yote hayo yatamwangusha, yeye atamfurahia Mungu wake. Angalia kwamba hakuficha hasara. Aliihesabu yote, kitu kwa kitu. Lau angezaliwa huku kwetu, bila shaka angetaja chai, mahindi na maziwa ya mursik.

4. MFANO ULIO KARIBU: TENWEK

Pale Bomet, karibu na maporomoko ya mto Nyangores, ipo Hospitali ya Tenwek. Wengi wetu tumezaliwa au tumetibiwa huko. Ilianza ikiwa zahanati ndogo ya misheni katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu iliendeshwa na wauguzi. Mnamo 1959 alifika Ernest Steury, daktari kutoka Marekani, na kwa karibu miaka 10 alikuwa daktari wa pekee pale. Hebu fikiria foleni ya wagonjwa na daktari mmoja! Mambo yaliyomzidi nguvu hayahesabiki.

Hospitali hiyo ina kauli mbiu ambayo kila mgeni huiona: wao wanatibu, na Yesu ndiye anayeponya. Nimeitafakari sana kauli hiyo. Haisemi kwamba kwa kuwa Yesu anaponya, daktari asinawe mikono. Haisemi pia kwamba kwa kuwa daktari amesoma, maombi hayana kazi. Inagawa kazi mbili na kuweka kila moja mahali pake. Daktari aliyejitahidi usiku kucha, mgonjwa akafa, anaweza kulia, kisha kesho yake akarudi wodini, kwa sababu hakujitwika kazi ya Mungu.

Tena angalieni jambo lingine. Hospitali ilipohitaji umeme wa kutegemewa, watu wa Tenwek waliutazama ule mto uliokuwa ukiporomoka bure karibu nao, na katika miaka ya 1980 wakajenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa maji yake. Mto hawakuuumba, lakini waliutumia.

5. BASI TUFANYEJE?

Baada ya kusoma na kuzungumza na kogo na mwalimu wetu mlezi, nimeyaweka mambo manne ambayo mimi mwenyewe huyafuata.

Kwanza, chukua karatasi uikunje katikati. Upande mmoja andika yaliyo mkononi mwako, upande wa pili yaliyo nje ya mkono wako. Upande wangu wa pili una kazi ya mama, bei ya chai na siku ya kupata karo. Upande wa kwanza una kurudia Hesabu kila jioni, kuazima maelezo ya masomo niliyoyakosa, kwenda kumweleza mwalimu ukweli kabla hajaniuliza, na kuulizia fomu za basari mapema. Nilipoandika hivyo mara ya kwanza, nilishangaa kuona upande wa kwanza si mtupu.

Pili, ule upande mwingine uombee kwa majina. Usiseme tu "Bwana, unajua." Ni kweli anajua, lakini Yesu mwenyewe kule Gethsemane alilitaja jambo lililomtisha, akaomba limwondokee, ndipo akajikabidhi kwa Baba. Kulalamika mbele za Mungu si ukosefu wa imani. Zaburi nyingi ni malalamiko. Sema, lia, kisha mkabidhi.

Tatu, usibebe peke yako. Yesu usiku ule aliwaomba rafiki zake wakeshe naye. Ikiwa yeye alitaka mtu wa kukaa naye, mimi ni nani nijifanye jabali? Huku kwetu tuna kokwet, ambapo majirani hukutana kulizungumza jambo la mmoja wao. Tulipohamia kwa kogo, watu wa kokwet ndio waliotusaidia kuezeka chumba cha pili. Shuleni pia kokwet yako ipo: mwenzako wa kitanda cha juu, mwalimu, kasisi, kiongozi wa Muungano wa Wakristo. Na ukiona moyo umekuwa mzito hadi unafikiria kujidhuru, usingoje kesho. Mwambie mtu mzima leo hii. Kufanya hivyo si aibu.

Nne, jifunze kungoja kama mkulima. Baada ya ugonjwa wa mahindi, kogo hakukaa barazani akingoja mahindi yafufuke. Maafisa wa kilimo walishauri mimea iliyougua ing'olewe, na watu wapande mazao mengine kwa misimu kadhaa ili virusi vikose pa kuishi. Alipanda viazi na maharagwe. Mnamo 2013 kilifunguliwa kituo huko Naivasha cha kujaribu mbegu zinazostahimili ugonjwa ule, na baadaye mbegu za aina hiyo zikawafikia wakulima. Kogo hakuwa na uwezo juu ya virusi wala juu ya kituo. Alikuwa na uwezo juu ya jembe lake msimu ule. Kungoja kwake kulikuwa na udongo mikononi.

Chai nayo inatufundisha vivyo hivyo. Kila baada ya miaka michache mchai hupogolewa hadi ubaki vijiti vitupu. Mgeni akiuona atasema umekufa. Mkulima hasemi hivyo, kwa sababu anaijua mizizi. Kama miezi mitatu hivi baadaye, chipukizi zinarudi kuchumwa.

6. TAHADHARI KIDOGO

Sitaki msomaji aondoke akidhani nimemwahidi kwamba kila aliyepogolewa atachipuka Jumatatu. Kazi ya mama haijarudi. Sasa anauza mboga sokoni siku za soko, na siku nyingine anachumia majirani kwa kilo. Huenda nikafanya mtihani wangu vizuri, huenda karo ikanichelewesha tena. Imani yangu si kwamba Mungu atafanya ninavyotaka. Imani yangu ni kwamba ule upande wa pili wa karatasi una mwenyewe, naye ni mwema, hata katika siku ambazo wema wake siuoni. Mungu hamtupi mja wake. Nikiamini hivyo ninaweza kulala usingizi, na nikilala ninaweza kuamka kusoma. Kwa mwanafunzi hilo si jambo dogo.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja jambo moja lililo nje ya mkono wako muhula huu, na moja lililo mkononi mwako. Je, ni lipi linalochukua muda wako zaidi?

2. Soma Yeremia 28 na 29. Kwa nini watu hupenda maneno ya Hanania kuliko ya Yeremia?

3. Mwenzako amerudi shuleni baada ya kufiwa. Kwa kutumia Luka 13:1-5, eleza maneno mawili ambayo hupaswi kumwambia, na jambo moja unaloweza kumfanyia.

4. "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe." Jadili methali hii ukirejelea usiku wa Gethsemane (Mathayo 26:36-46).

5. Kunja karatasi yako kama tulivyoeleza katika sehemu ya 5. Si lazima umwonyeshe mtu yeyote.

Walimu wetu, mkiniona nimefika wiki ya tatu, nikaribisheni tu kama kawaida. Maelezo nitakuwa nimekwisha kuyaazima. Mwenyezi Mungu awabariki nyote. Wasalaam.